Mwaka Nilipokuwa Mkamata Mbwa

Tulipotoka makaburini, mjini Buffalo kulikuwa kunavuma ule upepo wake wa mtoni ambao haukusukumi, unakupekua mifukoni. Tukarudi mtaa wa Riverside, kwenye nyumba ndogo ya mbao ya marehemu Shangazi Skola, shangazi wa mke wangu, tukajazana jikoni, kwa sababu jikoni ndiko alikokuwa akiishi hasa. Sebule aliiweka kwa ajili ya wageni asiowapenda. Kina mama wa kanisa walikuwa wamepika maharage na ndizi kwenye masufuria ya kwaya, na madirisha yalijaa mvuke mpaka nje hakuonekani. Vijana wa msibani walikuwa wamesongamana pembeni wakitazama simu ya binti yangu na kucheka chini chini. Akaja nayo kwangu. Ilikuwa picha ya katuni ya zamani: jibaba jembamba lenye masharubu kama ufagio, kofia ndogo kuliko kichwa, na wavu mkubwa ambao, kama kawaida, alikuwa amejifunika nao mwenyewe. "Baba, mama anasema huyu ulikuwa wewe," akaniambia kwa Kiingereza. "Nilikuwa mimi," nikamjibu kwa Kiswahili, maana ndivyo tunavyoongea nyumbani kwetu, kila mmoja na lugha yake na tunaelewana vizuri tu. "Na Bibi Skola alikuona?" "Aliniona." Jikoni wakaangua kicheko, cha kwanza tangu asubuhi, na mimi nikacheka nao, lakini viganja vyangu vilishaanza kutoka jasho. Miaka yote hii, na mke aliyenizalia watoto watatu amesimama pale anapangusa sahani, bado mwili wangu unaamini kwamba Shangazi Skola hajatoa jibu.

Mimi ni mtu wa ndani. Ukiniona barabarani, ujue nimetumwa. Hata kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, wenzangu walipokuwa wakitoroka kwenda sokoni, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza redio ya jirani, na nilimaliza kidato cha nne kwa sababu tu darasa lilikuwa na paa. Basi mtu wa aina hiyo ndiye aliyeletwa Amerika, mji wa Louisville, akiwa na miaka ishirini na kitu, akapewa chumba katika apatimenti moja na Ombeni, Mkongomani wa Uvira, ambaye yeye ukimwona ndani ujue anaumwa. Naikumbuka ile apatimenti kuliko nyumba zote nilizoishi baadaye. Kochi tuliliokota kando ya barabara, likawa na harufu ya mbwa wa watu wengine. Hita iligonga ukutani kama mgeni asiye na subira. Ombeni alikaanga samaki kila siku aliporudi, na moshi ukiwasha king'ora cha darini alikipungia taulo huku akikibembeleza: "Pole, mama, pole, ni samaki tu." Mimi nilikuwa nikitetemeka chini ya blanketi nikisubiri zimamoto waje watufukuze Amerika.

Ombeni alikuwa na kazi ya ghala kule Jeffersontown, akaniingiza na mimi. Nilidumu muda mfupi wa aibu. Kila forklifti, vile vigari vya kunyanyulia mizigo, ilipopiga honi nyuma yangu niliachia boksi, na forklifti hupiga honi siku nzima, ndiyo kazi yake. Wakaniambia kwa upole kwamba pengine nilikuwa na kipaji kingine. Nikapata usafi kwenye ukumbi mmoja wa michezo ya watoto, mahali penye vibanda vya kurukia, mashine za taa na vyumba vya kukatia keki za bethidei. Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa iliyoonyesha katuni za zamani mfululizo, na shujaa wa katuni hizo alikuwa kambwa kadogo keupe, na adui yake ndiye huyo mkamata mbwa mwenye masharubu na wavu. Wakubwa wa ukumbi walikuwa wameshona vazi la huyo adui. Siku niliyoteleza kwenye maji yangu mwenyewe ya deki, nikaruka, ndoo ikaniangukia kichwani, watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Meneja, mama mmoja mnene aitwaye Dona, hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe mzuri mnadani. Aliyekuwa akivaa vazi lile alikuwa ameacha kazi wiki ileile kwa sababu ya joto. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Jioni nilimweleza Ombeni kazi yenyewe, nikitarajia atanicheka. Hakunicheka. Alikuwa akizitazama katuni zile Jumamosi asubuhi huku amekunja uso kama anayesikiliza habari za vita, na alikuwa na msimamo wake. "Bon, sikia, ndugu Zaka," akasema, mkono umeshika kichwa cha samaki. "Batu banamuchekaka ule mwanaume bure. Iko mutu ya kazi. Anaamuka asubui, anavaa kofia, anaenda. Ile imbwa iko na kazi gani? Haina na mwenyewe, haina na sindano, inakimbia mu barabara. Ikiluma mutoto wa batu?" Nikamwambia ndiyo maana ni adui, watoto wanampenda mbwa. "Watoto wa hapa," akasema. "Kwetu ule mwanaume tungemupatia hata mbuzi." Na kweli, nilipofikiri, kambini palikuwa na mbwa wenye kichaa, na yule aliyewakamata tulimwamkia kwa heshima. Nilifarijika kidogo. Ila Ombeni akaongeza, akilamba vidole: "Lakini kila siku anaanguka. Donc, mwanamuke wako asikuone."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mwanamke nilikuwa naye, tena wa Columbus. Yasinta nilikutana naye kwenye mkutano wa kwaya, kwaya yetu ya Louisville ilipokwenda kuimba kwao. Mimi niliwekwa mstari wa nyuma kwa sababu nilikuwa nikiimba kwa midomo tu, na yeye alikuwa amekaa pembeni na akaligundua hilo. Tulipotoka akanifuata kwenye meza ya chai. "Kaka, sauti yako nzuri sana," akasema. "Haimsumbui mtu." Nilimpenda palepale na kuogopa palepale, vitu ambavyo kwangu mimi havijawahi kusafiri mbalimbali. Nilimweleza kazi yangu siku ya kwanza tuliyoongea kwa simu, kila kitu, masharubu na wavu. Alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini yeye, alipoulizwa na kaka yake Fidelis kuhusu yule kijana wa Louisville, alijibu kwa busara ya kidada: "Anashughulika na watoto." Fidelis akasikia mwalimu. Habari zilipofika Buffalo kwa Shangazi Skola, ambaye ndiye aliyebaki kama mzazi na ndiye mwenye neno la mwisho, nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo mwenye cheti.

Nilikwenda Columbus kujitambulisha. Basi lilinichafua tumbo tangu tulipovuka daraja la kwanza, nikafika nina rangi ya majani makavu. Nyumba ya Fidelis ilikuwa na zulia jeupe na kila mtu alitembea na soksi, na soksi yangu moja ilikuwa na tundu, hivyo nilikaa mchana mzima nimekalia mguu wangu. Walipakua wali, kuku wa kukaanga na mchicha. Kwa desturi yetu mkwe mtarajiwa hali mbele ya wakubwa wa binti, basi sahani yangu ikapelekwa chumba cha watoto, nikala peke yangu kwenye kiti cha plastiki chini ya picha za wanyama. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia simu imewekwa sauti kubwa, na sauti ya mwanamke mzima, kavu, isiyo na haraka. "Amekuja na suti?" "Ndiyo, Shangazi," Fidelis akajibu. "Inamkaa vizuri?" "Inamkaa." "Basi hamjaona kitu. Suti kila mwanaume anayo. Mimi nataka nimwone akiwa kazini." Mfupa wa kuku ukanisimama kooni. Nilikohoa taratibu, kwa adabu, mkono mdomoni, nikiwa tayari kufa kuliko kuwasumbua.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri na nilianguka vizuri sana. Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Bethidei ikifika wakati wa keki, taa zinapunguzwa, muziki unabadilika, na Mkamata Mbwa anaingia akinyata kuiba mwanasesere wa kambwa keupe aliyewekwa karibu na keki. Watoto wanapewa mipira ya sponji, wanamrushia, naye anaanguka, anainuka, anaanguka tena, mpaka anajifunga kwenye wavu wake na kutambaa kutoka nje. Sheria zilibandikwa ndani ya kabati la vazi: usiseme neno lolote, usivue kichwa mbele ya mtoto, usirudishe pigo. Nilizishika kwa moyo wote. Nitasema ukweli, ndani ya kichwa kile cha sponji, chenye giza na harufu ya jasho la mwenzangu aliyetangulia, nilikuwa na amani kuliko mahali popote Amerika. Kilikuwa chumba, na mimi ni mtu wa ndani. Ulimwengu niliuona kupitia kitambaa cha wavu mdomoni mwa sanamu, na hakuna aliyeniuliza swali kwa Kiingereza.

Lakini sasa niliwaza: mtu mzima aliyepanda basi kutoka Buffalo, mwanamke anayewahudumia wazee wa watu kule Amherst kwa mikono yake miwili, anakuja kumwona mwalimu, anakutana na hiki. Nilimwendea Dona nikamwomba siku watakayokuja wageni wangu anirudishe kwenye deki. Akaniambia hana mtu mwingine anayeanguka kama mimi. Alidhani ananisifu. Nikampigia Yasinta, nikamwambia awaeleze ukweli kabla hawajafunga safari. "Nimemweleza Shangazi jana," akasema. "Amesemaje?" "Ameuliza watoto wanakupiga kwa nini. Nikamwambia ndiyo kazi. Akanyamaza." "Amenyamaza vipi?" "Zakaria, kunyamaza kuna vipi?" Lakini kuna vipi vingi, na niliwaza kila kimoja. Ombeni naye alinishauri niumwe. "Uko na bahati," akasema, "uso yako inafananaka na ya mugonjwa."

Tulipatana waje jioni, kazi ikiisha, nitakapokuwa nimeoga. Shangazi Skola hakuja saa iliyopatanwa. Alikuja saa aliyoitaka. Nilikuwa nimekwishaingia kwenye chumba cha bethidei, ninanyata kuelekea mwanasesere, watoto wanapiga kelele kwa furaha na hofu, nilipoona kupitia mdomo wa sanamu kitenge cha kijani na juu yake sweta zito la Buffalo. Nyuma yake Fidelis, shati limepigwa pasi, anatazama huku na huku akitafuta ubao na chaki. Dona alikuwa akiwaonyesha kwa kidole, akitabasamu. Kidole kilinielekea mimi. Shangazi Skola akapita katikati ya watoto kama anayepita katikati ya kuku, akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. "Zakaria," akasema.

Sasa mtu ajue hali yangu. Mkubwa amefika, tena mkwe, tena mwenye neno la mwisho. Mdogo ndiye anayeamkia. Huwezi kumwacha mtu mzima amesimama bila shikamoo; kwetu hata mlevi anajua hilo, na kijana asiyejua humwazimi hata ufagio, seuze kumpa binti. Na sheria ya kabatini ilisema usiseme neno lolote. Nikisema, watoto wamesikia, kazi imekwenda, na mwanaume asiye na kazi haozeshwi. Nikinyamaza, nimemtukana Shangazi mbele ya mwanaye. Shangazi Skola alisimama akiisubiri shikamoo yake kama mtu anayesubiri chenji. Moyo ulikuwa ukinigonga ndani ya lile vazi mpaka nilidhani masharubu yanacheza. Mwisho miguu iliamua yenyewe. Nikapiga magoti yote mawili, viatu vile virefu vikiwa vimekunjika nyuma kama makasia, nikainamisha lile jichwa, nikanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyolelewa.

Watoto walioniona nimepiga magoti wakajua ndiyo ishara. Mipira yote ilikuja kwa pamoja. Mmoja ukampata Shangazi begani, akaupangusa kama inzi. Jichwa likaanza kuyumba, nikalishika, wavu ukanasa kitambaa cha meza, na juisi ya zambarau ikateremka polepole mgongoni mwangu, nikaisikia inavyotafuta njia. Nikaanguka ubavu. Hili la kuanguka halikuwa katika utaratibu. Kisha akaja mtoto mmoja mkubwa kuliko wenzake, wa miaka kama tisa, na yeye hakuwa na mpira. Alinipiga teke la mbavu kwa kiatu, la kweli, akarudi nyuma, akanipiga la pili palepale. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno. Kwa nukta moja, niseme kama ilivyokuwa, nilimwona yule mtoto kupitia kile kitambaa na nikatamani kumshika mguu. Mkono ulishafika nusu ya njia. Halafu nikaona kando ya mguu wake ncha ya kitenge cha kijani. Nikauokota mpira wa sponji uliokuwa karibu, nikaubusu kwa masharubu, nikampa. Yeye akapigwa na butwaa. Akaurusha. Nikafa kwa madaha, miguu juu, na chumba kikalipuka kwa vicheko. Mama yake akaja akamvuta sikio, maana mama wa kila nchi wana mkono uleule.

Nilipotambaa kutoka nje niligeuka mara moja tu. Fidelis alikuwa amekwishakwenda kwenye gari. Shangazi Skola alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha watoto, mkoba mapajani, anaendelea kunitazama. Hakucheka hata kidogo. Nilivua vazi huku nimeuma taulo kwa sababu ya mbavu, nikaosha juisi, nikavaa shati langu, nikatoka nikamkuta amesimama mlangoni. "Shikamoo, Shangazi," nikasema. "Marahaba," akajibu. "Umechelewa." Akatangulia. Nikamfungulia mlango wa gari, na kwa kuwa mbavu zilinishika, nilimfungulia kwa kuinama sana, kama mhudumu wa hoteli, na hilo likanichekesha mimi mwenyewe, nikacheka peke yangu kwenye maegesho kama mwendawazimu. Fidelis akanitazama kwenye kioo. Njiani Shangazi aliuliza tu kwa nini Louisville wanaita hii baridi.

Ombeni alikuwa amepika sombe, kile kisamvu cha kwao, bugali na samaki, na king'ora kilikuwa kimelia hivyo madirisha yote yalikuwa wazi. "Karibu mama, karibu sana, mukaribie, hapa njo kwetu," akasema, taulo begani. Akawatengea mezani. Sahani yangu nikaichukua nikaenda nayo chumbani, kama desturi inavyotaka, nikakaa kitandani, sikula. Ukuta wa apatimenti ile ulikuwa mwembamba, ungeweza kumsikia jirani akibadili mawazo. Kisha Fidelis, kwa sauti ya chini ambayo chumbani kwangu ilifika nzima: "Shangazi, mimi siwezi. Watu watauliza. Tuseme tumemwoza Yasinta kwa mtu anayepigwa na watoto? Mtoto amempiga mateke, Shangazi, na yeye anampa mpira." "Nimeona," akasema Shangazi. "Sasa?" akauliza Fidelis. "Kula kwanza."

Nilisikia Shangazi anakunywa maji. Nikasikia glasi inawekwa. "Mjomba wako, mume wangu, ulimfahamu," akasema. "Ulimfahamu akiwa na suti. Kambini alikuwa msimamizi wa mgao wa chakula, ana baiskeli, watu wanamvulia kofia. Siku bosi wake mzungu alipomkemea mbele ya watu, alinyamaza. Alikuwa na adabu sana kazini. Nilikuwa najua amekemewa kwa jinsi anavyoegesha baiskeli." Hapo akanyamaza, na nilielewa kwamba kweli kunyamaza kuna vipi vingi. "Alikuwa anaiegesha taratibu. Ukimsikia anaegesha taratibu, unawatoa watoto nje." Nikasikia Fidelis anasogeza kiti. "Mimi sikuja kumwangalia huyu akipigwa," akasema Shangazi Skola. "Kupigwa wote tunapigwa, nchi hii ina kazi gani nyingine? Nimekuja kumwangalia akitoka. Ndiyo maana nimekaa pale mlangoni. Ametoka, ameumia, nimeona anavyopumua. Ameniamkia. Amenifungulia gari. Amecheka." "Kwa hiyo unakubali?" "Sijasema. Mkono wake niliuona. Ulikwenda kwa yule mtoto, ukafika hapa." Nadhani alionyesha mezani. "Kisha ukarudi. Sijui kilichourudisha kama ni yeye au ni mimi niliyesimama pale. Mwiteni."

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi kwenye harusi za watu, na hapo ndipo ninapokimalizia, kwa sababu hapo watu wanacheka na kupiga makofi, wanajua kwamba niliitwa, na kwamba Yasinta yupo pale kwenye kiti cha tatu amenikunjia uso. Kilichofuata huwa sikisemi. Nilitoka na sahani yangu iliyojaa. Alinionyesha kiti mbele yake, mbele ya macho yake kabisa, jambo lisilofanywa, akaniambia nile hapo. Nikala sombe iliyopoa huku ananitazama. Alipoona nimemaliza akasema: "Yasinta nitakupa. Lakini sitaacha kutazama." Nikasema ndiyo, Shangazi. Nilidhani ni maneno ya wakubwa.

Hayakuwa. Katika ndoa yetu yote, kila tulipokwenda Riverside au yeye alipokuja Columbus tulikohamia, nilipomwamkia hakuniitikia papo hapo. Kwanza alimtazama Yasinta usoni, polepole, kama anayesoma mita ya maji, kisha ndipo akasema marahaba. Wakati mwingine tulikuwa tumetoka kugombana garini, mimi nimeufunga mdomo tangu tulipopita Cleveland, na ile nukta kabla ya marahaba ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe. Nilimchukia kwa ajili ya hiyo nukta, na sasa naweza kusema, maana hanisikii. Mtu mpole kama mimi, nilikuwa nawaza, mtu anayeogopa honi, anapimwa nini kila mwaka? Lakini nilikuwa naujua ule mkono uliofika nusu ya njia. Niliuona tena na tena: siku niliyoachishwa kazi Columbus, siku binti yangu alipolikwaruza gari jipya. Unanyanyuka wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine aliyevaa mwili wangu. Na kila mara niliona kitenge cha kijani, nikaushusha, na sikujua ninaushusha mimi au yeye.

Leo, watu walipokwisha kuondoka na masufuria ya kwaya yamepakiwa, Yasinta hakuiona mikoba wala funguo za gari, theluji imeanza, na nimeendesha tangu jana. Nikamwambia neno. Si neno kubwa, ila nililisema kwa ile sauti ya taratibu, taratibu sana, na binti yetu aliyekuwa mlangoni akaacha kuvaa kiatu akatutazama. Nikageuka kuelekea kwenye jiko, alipozoea kusimama Shangazi. Hakukuwa na mtu. Viti vya kanisa vilikuwa vimekunjwa ukutani, taa ya juu ya sinki inawaka, basi. Nilisimama pale nikiogopa kuliko nilivyoogopa siku ile ya juisi, kwa sababu safari hii hapakuwa na Shangazi wa kunitazama, na jibu lilikuwa langu peke yangu.

"Samahani," nikasema. "Kaa, nitazitafuta mimi."

Yasinta akanitazama usoni, polepole. Kisha akakaa.